Vidonge vya Daku

Bibi mwenye nyumba wetu alikuwa na kisukari, na kila mpangaji alilijua hilo, isipokuwa mwezi wa Ramadhani. Mwezi ukishaandama, ugonjwa ule ulikuwa hautajwi wala hauulizwi. Bibi alipika futari ya nyumba nzima, akaswali tarawehe, akafunga mwezi mzima kama msichana, na ukimtazama kwa wasiwasi alikuuliza kama umeshafagia uani.

Nilipanga kwake chumba cha nyuma. Nyumba yenyewe ni ya zamani, vyumba vitatu huku na vitatu huku, korido katikati, moja ya zile chache zilizobaki Kariakoo bila kugeuzwa ghorofa. Pande zote majirani walikuwa wameshapandisha majengo, kwa hiyo jua lilituchungulia uani mchana likiwa utosini, kisha likaenda zake. Kuanzia alasiri tuliishi kwenye kivuli cha watu wengine. Nilikuwa nimemaliza diploma ya uuguzi na nasubiri mtihani wa leseni. Yaani sikuwa tena mwanafunzi, na nesi sijawa. Ukiniuliza mimi, hakuna kipindi kibaya kama hicho: unajua kinachoua watu, lakini huna karatasi ya kukupa haki ya kusema.

Mimi ni Mkristo wa Moshi, na Bibi hakuchoka kunitania. "Huyu Mchaga wangu," alikuwa akiwaambia wageni, "hata akiwa kwenye nusu kaputi, dondosha sarafu uone kama haamki." Nilimpenda kwa hilo. Mtu asiyekutania katika nyumba ya kupanga bado hajakupokea.

Nilisomea uani, kwenye kigoda, kwa sababu chumbani hakukuwa na hewa. Maswali yaliandikwa kwa Kiingereza, lakini niliyatafsiri kwa sauti, ndivyo yanavyoniingia. Mtihani ule una ujanja wake. Hauulizi unajua nini. Unakuwekea majibu manne, yote ya kweli, kisha unakuuliza utaanza na lipi. Watu wenye akili nyingi hufeli hapo. Bibi, akichagua choroko pembeni yangu, alipenda kujibu kabla yangu.

"Mgonjwa wa kisukari amekutwa anatoka jasho, anatetemeka, anaongea visivyoeleweka," nilisoma siku moja. "Utaanza na nini?"

"Nitamwita mwanawe," alisema Bibi.

"Unampa sukari, Bibi."

"Mwenye sukari umpe sukari? Nyie ndio mtakaotumaliza."

Tulicheka sana. Huo ulikuwa mwezi wa Shaabani, na bado tulikuwa tunakula mchana.

Ramadhani ilipoingia nikaanza kuona mambo. Ikifika alasiri, mikono ya Bibi ilikuwa inatetemeka akimenya mihogo. Jasho lilimtoka juu ya mdomo wakati sisi wengine tumekaa kivulini tumepoa. Na hasira. Bibi hakuwa mtu wa matusi, lakini siku moja alimtolea dada mshonaji, mpangaji wa chumba cha mbele, maneno ambayo sitayaandika, kisa vipande vya uzi koridoni. Alipofuturu akawa mtu wa kawaida, akamuuliza yule yule dada mbona kanuna.

Dada mshonaji hakuchukia. "Kafunga yule, mwache," aliniambia. "Funga ya utu uzima nzito."

Kila mtu alikuwa na maelezo ya namna hiyo, na yote yalikuwa ya heshima. Mimi nilikuwa naona dalili zikijipanga moja nyuma ya nyingine kama zilivyopangwa kitabuni, na naapa, niliomba niwe mjinga.

Jioni moja, tukiosha vyombo, nilimuuliza vidonge vyake anavimeza saa ngapi siku hizi.

"Daku," alisema.

"Vya asubuhi. Na vya jioni je?"

"Vyote daku. Mchana siwezi kumeza, na usiku nakula tende, nakula tambi, kichwani nina tarawehe. Nikivimeza vyote kwa pamoja vinanishika mpaka magharibi."

Alilisema kwa fahari, kama mtu aliyegundua njia ya mkato. Vidonge vya aina ile havijui kama umefunga. Kazi yake ni kushusha sukari, uwe umekula au hujala, na kwa mzee ambaye figo zimechoka vinakaa mwilini kutwa nzima na zaidi. Bibi alikuwa anajimezea dozi ya asubuhi na ya jioni kwa mkupuo mmoja, kisha anakaa na njaa juu yake mpaka jua lizame. Kila siku. Na kila siku alikuwa anaamka kwa bahati tu.

"Kliniki wanajua?"

"Nikawaambie nini? Wataniambia nisifunge. Wataka nile kobe uzeeni?"

"Si kula kobe, Bibi. Hujifichi. Dini imemruhusu mgonjwa asifunge, analisha maskini basi. Hata mimi Mkristo nalijua hilo."

"Imemruhusu mgonjwa," alisema. "Mimi naumwa wapi?" Kisha akakausha mikono kwenye kanga na kuongeza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayekuambia gesi inakaribia kuisha: "Na huu huenda ukawa wa mwisho wangu. Sitaki niende nimeuacha njiani."

Nilitaka nimpime. Kipimo kilikuwemo kabatini, lakini vijiti vyake vilikwisha, na hata nilipoahidi kununua vingine alikataa kutobolewa kidole mchana. Damu ikitoka, alisema, funga inaingia doa. Nikavinunua, na usiku alinipa kidole bila ubishi, na usiku, baada ya tende na tambi, sukari ilikuwa juu. "Unaona?" alisema. "Vidonge havitoshi hivi." Nikaogopa asije akaongeza.

Nikaenda kwa mwanawe. Anauza vitenge kwa jumla, mitaa michache kutoka nyumbani, na siku zile za kuelekea Idi hata kufika dukani kwake ilikuwa kazi. Watu wamefurika, wapiga debe wanapaza sauti, mabalo yanapita juu ya vichwa. Nilimkuta na simu sikioni, anabishana na wakala wa bandarini kuhusu mzigo ambao haujatoka.

"Anko, shikamoo."

"Marahaba. Mama mzima?"

Nikamweleza. Alinisikiliza kwa sikio moja, lile jingine likiwa bandarini.

"Mama anafunga tangu mimi sijazaliwa," alisema.

"Wakati huo hakuwa na kisukari."

"Wewe leseni unayo?"

"Bado."

"Haya. Kapasi kwanza. Na haya mambo ya funga, binti, siyo ya upande wenu."

Nilitoka pale nimevimba. Ningekuwa na leseni ningemchapa nayo. Lakini nilikuwa nimeona pia kitu kingine usoni mwake: alikuwa anamwogopa mama yake. Mwanaume mwenye wajukuu, anayewafokea wapagazi siku nzima, hakuwa na ubavu wa kumwambia mama yake asifunge. Alisema angezungumza naye Ijumaa. Ijumaa akaja, akafuturu, akausifu uji, akaaga.

Kumi la mwisho la Ramadhani likaingia. Ghorofa la nyuma yetu walikuwa wanachimba msingi, na kila mashine yao ilipogonga, vikombe kabatini viligongana. Bibi alikuwa anakondeana. Alasiri alikuwa anaweza kukaa amekutazama bila kukuona, kisha anashtuka na kuendelea na kazi. Nilianza kusoma mlango ukiwa wazi, na kikopo cha sukari nimekiweka chini ya kigoda. Siku nyingine sikusoma kitu. Nilikuwa namsikiliza tu.

Siku yenyewe alikuwa anakuna nazi. Nilikuwa chumbani na sauti ya mbuzi inanijia, kru, kru, kru, ya mtu aliyekuna nazi maisha yake yote. Ikakata. Nikasubiri ianze tena. Haikuanza.

Nilimkuta amekaa juu ya mbuzi, kifuu mkononi, nazi iliyokunwa inamwagika kwenye kanga. Jasho lilikuwa limemlowesha kama aliyemwagiwa maji. Ngozi baridi. Nilimwita, akaniangalia na kuniambia nikamfungulie baba mlango, amekuja na samaki. Mumewe alifariki kabla mimi sijaijua Dar.

Dada mshonaji alikuja mbio na futi ya kupimia shingoni. "Mlaze," alisema. "Saumu imemzidi. Magharibi hiyo karibu."

"Haifiki magharibi huyu."

Akampigia simu mwana wa Bibi, akaniwekea sikioni. Nikasikia makelele ya dukani, kisha sauti yake: "Usimpe kitu. Umenielewa? Usimpe kitu mpaka nifike."

Kichwani kwangu lilikuwepo swali moja tu, lile lile la mtihani. Uanze na nini? Na jibu lake linaanza na swali jingine: anaweza kumeza? Nikamwambia, "Bibi, meza mate." Akameza. Nikamwambia tena, akameza tena. Nikakoroga sukari kwenye maji ya vuguvugu, nyingi, mpaka ikawa nzito.

Dada akanishika mkono. Hakuwa mkali. "Yule atakuja kukuuliza. Kumi la mwisho hili. Dhambi yake utaibeba wewe?"

"Nitaibeba," nilisema, na niliogopa nilivyolisema.

Nikamnywesha kidogo kidogo, mkono mmoja kidevuni. Alikunywa kama mtoto. Haukupita muda jasho likakauka, macho yakarudi mahali pake, na Bibi mwenyewe akarudi. Akatuangalia. Akaangalia kikombe. Kisha akaupitisha ulimi kwenye midomo, taratibu, na nikaona anaijua ile ladha.

"Umenipa nini?"

"Sukari, Bibi. Ilishuka. Ungekufa."

Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Machozi yalimtoka tu, akawa anayafuta kwa mkono wenye nazi. "Umeniharibia," alisema. "Nilikuwa nimebakiza siku za kuhesabu."

Nadhani hapo dada mshonaji ndipo alipomhurumia, na sijawahi kumlaumu, kwa sababu alisema jambo jema ambalo mtu yeyote wa nyumba ile angelisema. Akachuchumaa, akamshika magoti. "Bibi, hukula kwa hiari yako. Hukuwa na fahamu, umelishwa. Aliyelishwa bila kujua funga yake ipo pale pale."

Bibi aliinua kichwa. "Ni kweli?"

"Kabisa. Sukutua tu."

Sukari ya kikombe kimoja haidumu. Lazima ifuatwe na chakula, na chakula tena, kwa sababu vile vidonge vya daku vilikuwa bado vimo ndani, vinaendelea na kazi yake. Nikaanza kueleza. Nikasema wali, mkate, chochote, na kisha hospitali, leo hii, akae wamwangalie mpaka kesho. Bibi alikuwa ameshachukua kopo la maji. Alisukutua mara tatu, kwa makini, akayatema yote chini, akaniambia kwamba amenisamehe.

Mwanawe akaingia wakati huo, shati limemganda mgongoni. Aliyemwona mbele yake alikuwa mama yake, amekaa wima, anaikung'uta kanga iliyochafuka. "Mbona mzima huyu?"

"Itashuka tena, Anko. Hawezi kubaki hivi bila kula."

"Nilikuambia usimpe kitu."

"Na ningekusikiliza ungemkuta maiti."

Lile neno lilikuwa kosa. Mbele ya mama yake, mwezi ule. Uso wake ulibadilika. Akasema, polepole, kwamba mimi si daktari, si nesi, si mtu wa dini yao, na kwamba nikusanye vitu vyangu. Nilimtazama Bibi anitetee. Alikuwa anaelekea chumbani kwake kujilaza, mkono ukutani, na aliniambia bila kugeuka, "Nenda kapumzike, mjukuu wangu. Umechoka wewe."

Sikwenda mbali. Nilikaa barazani na begi langu miguuni, watu wa Idi wanapita na mifuko yao, na kila aliyetoka ndani nilimuuliza. Dada alitoka. "Amelala," alisema. "Mwanawe yuko naye." Nikamwomba akamwamshe. Akaingia, akarudi. "Anko anasema aachwe alale, alikuwa amechoka." Nikauliza kama anakoroma. Akasema ndiyo, anakoroma vizuri. Nikamwambia Bibi huwa hakoromi. Akanitazama, akashika tena njia ya korido, na kabla hajafika kule ndani adhana ikalia, misikiti yote kwa pamoja, na mtaa mzima ukatulia kama unaomeza.

Kisha nikamsikia mwanawe anamwita. Mama. Mama, futuru. Mama. Halafu akaniita mimi. Hakuniita binti. Aliniita nesi.

Nilipoingia alikuwa amempakata, ameshaitoa tende kokwa, anaisukuma kati ya meno ya mama yake. Nikamshika mkono.

"Usimtie kitu mdomoni."

"Mchana ulimpa mwenyewe!"

"Mchana alikuwa anameza."

Akanielewa. Niliona linavyomwingia, sentensi ile fupi, na jinsi alivyokuwa anaiangalia ile tende. Nikamlaza Bibi ubavu, nikakitoa kile kipande cha tende kilichokwishaingia. Koo lilikuwa linakoroma kwa sauti ya maji. Hakuna gari lililoweza kuingia mtaa ule siku ile. Mwanawe alikimbilia dukani akarudi na mkokoteni wa kubebea mabalo, tukautandika vitenge vipya vilivyokuwa bado na karatasi, tukamweka juu yake. Yeye alisukuma. Mimi nilitembea pembeni nimemshika kidevu ili njia ya hewa isizibe. Watu walitupisha. Nilishangaa wanavyotupisha haraka, mpaka nilipowasikia: innalillahi, innalillahi. Walidhani tumebeba maiti, na mwanawe hakuwa na pumzi ya kuwakanusha.

Bibi hakufa. Watu nikiwasimulia husema alhamdulillahi hapo, nami huwaacha waseme kwanza. Hospitali walimwekea dripu ya sukari, wakamwekea tena na tena, maana ilikuwa inashuka kila wakiitoa. Baada ya siku kadhaa akafumbua macho. Alimjua mwanawe. Fatiha alikuwa nayo. Mimi hakunijua, na bado hanijui. Ubongo ukikaa muda mrefu bila sukari kuna sehemu zake hazirudi. Hilo nalo linaulizwa kwenye mtihani, na nililijibu vizuri. Leseni ninayo. Nafanya kazi zahanati moja karibu na Mchikichini, na sasa watu wananisikiliza hata ninapokosea.

Idi ilipita Bibi akiwa wodini. Mwezi wa mfungo mosi ukapita, wa mfungo pili ukapita, na kwake Ramadhani haikwisha. Ukimletea chakula mchana anakisogeza kwa mgongo wa mkono. "Nimefunga," anasema. Ukimwambia mwezi uliandama zamani anakuonea huruma. Vidonge vile vimeshaachwa, wamempa dawa nyingine, lakini mwili wenyewe ulikuwa unaisha mbele ya macho yetu. Kitu kimoja tu kinamfanya afungue mdomo: mtu amwambie kwamba magharibi imeadhiniwa.

Mwanawe alijaribu mara moja. Alianza kusema, akashindwa, akatoka nje. Dada mshonaji alisema ulimi wake hauwezi kumdanganya mfungaji kuhusu adhana, hata awe nani. Basi Anko alinipigia simu. Aliongea mambo mengi yasiyo na maana, hali ya hewa, kazi yangu, kisha akasema mama tangu asubuhi hajala, na nikamwambia nimeelewa, nakuja.

Huwa naenda kwenye ile nyumba yake, alikorudishwa, wakati wa mapumziko yangu ya mchana, jua likiwa utosini. Nashusha pazia. Nasema shikamoo Bibi, anasema marahaba, anauliza mimi ni nani, namwambia nesi.

"Magharibi tayari?"

"Tayari, Bibi. Wameshaadhini."

Anasema bismillahi na kufungua mdomo. Anakula taratibu, na uso wake unakuwa na utulivu wa mtu aliyeimaliza siku yake salama. Akishakula kidogo anakumbuka adabu, anaisukuma sahani kuelekea kwangu. "Nawe futuru, mwanangu," ananiambia, "umeshinda na njaa." Nami nakula naye. Mwanawe husimama koridoni, uso ameugeuzia ukutani, mpaka tumalize.